Kutoka Betri Iliyochoka Hadi Grafini: Mwongozo Kamili wa Kuchakata Kinywe cha Betri za Lithiamu-Ioni

Betri ya kompyuta mpakato inapofika kwa mnunuzi wa chakavu, maswali yake huwa ni ya kobalti, nikeli na shaba. Unga mweusi uliopakwa kwenye karatasi ya shaba, ambao ni kinywe (grafiti), hakuna anayeuulizia. Hata viwanda vikubwa vinavyoyeyusha betri tanuruni huuacha uungue pamoja na plastiki, na vingi vya vile vinavyotumia asidi huubakiza kama mashapo ya kutupwa. Kanuni ya betri iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 imeweka viwango vya lazima vya kurejesha kobalti, shaba, risasi, lithiamu na nikeli, lakini haikuweka kiwango chochote kwa kinywe. Haya yanatokea wakati China imebana uuzaji nje wa kinywe tangu Desemba 2023, na wakati wawekezaji wanakwenda Mahenge na Ruangwa, Tanzania, kukitafuta ardhini kinywe hicho hicho.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitoa kinywe katika betri zilizochoka, kukisafisha, na kukibandua tabaka kwa tabaka hadi kuwa grafini, yaani utando wa kaboni wa tabaka moja au chache tu, kwa kiasi kinachofaa maabara ya chuo au karakana yenye kabati la kufyonza hewa chafu. Haukuandikwa kwa ajili ya jikoni wala uani, kwa sababu zitakazoonekana wazi mbele.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini kinywe kilichotumika kina faida juu ya kile kipya. Kinywe ni rundo la tabaka za kaboni zilizoshikana kwa nguvu hafifu, na kati ya tabaka moja na nyingine kuna nafasi ya nanomita 0.335. Betri inapochajiwa, lithiamu huingia kati ya tabaka hizo na kuisukuma nafasi hadi kufikia takriban nanomita 0.370, inapotumika, lithiamu hutoka na tabaka hurudi. Fikiria mlango unaofunguliwa na kufungwa mara mia kadhaa: bawaba hulegea. Vivyo hivyo kingo za kinywe hufumuka, nyufa hujitokeza, na oksijeni hujishikiza hapa na pale, kiasi kwamba kukibandua huhitaji nguvu ndogo kuliko kinywe kilichotoka mgodini. Betri, kwa maneno mengine, imeshaanza kazi yako. Tatizo ni kwamba imekiachia uchafu mwingi: chumvi za lithiamu na florini, gundi, chembe za shaba, na wakati mwingine silikoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu usafishaji. Wanaoanza huwa na haraka ya kufika kwenye ubanduaji, kisha hushangaa kupata matope yasiyopitisha umeme vizuri.

Kuchagua betri

Anza na seli za duara za ukubwa wa 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zinazopatikana katika betri za kompyuta mpakato na katika betri nyingi za akiba za simu. Zina umbo moja, ganda lake ni la chuma, na uzito wa kila seli ni karibu gramu 45. Usijali sana kama upande chanya ni wa kobalti, wa mchanganyiko wa nikeli na manganizi, au wa fosfati ya chuma, kwa kuwa karibu zote hutumia kinywe upande hasi. Isipokuwa betri za lithiamu titanati, ambazo hazina kinywe kabisa na ambazo utazitambua kwa volti yake ndogo ya 2.4.

Seli iliyovimba, iliyobonyea, inayovuja au inayonukia utamu mkali kama wa rangi ya kucha iweke kando, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, na uikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali. Kibali chenyewe ni jambo la kuuliza mapema: nchini Tanzania taka hatarishi zinasimamiwa na NEMC na nchini Kenya na NEMA, yaani taasisi za mazingira za nchi hizo, na chuo au karakana inayokusanya betri chakavu inapaswa kuwa na ruhusa kabla ya mzigo wa kwanza kuingia.

Unaweza kukadiria mavuno kabla ya kufungua chochote. Gramu moja ya kinywe hubeba, kinadharia, miliampea-saa 372. Seli iliyoandikwa 2600 kwa hiyo lazima iwe na walau gramu 7 za kinywe, na watengenezaji huongeza kidogo juu ya hapo kwa usalama. Ukipata gramu 6 safi kwa kila seli baada ya hasara zote, umefanya kazi nzuri. Betri ya kompyuta yenye seli 6 basi itakupa karibu gramu 36, kiasi kinachotosha mkupuo mmoja wa ubanduaji.

Kumaliza chaji

Hatua hii haina njia ya mkato. Seli yenye chaji ikikatwa, pande zake mbili hugusana na moto huwaka ndani ya sekunde chache. Wengi hutumbukiza seli kwenye maji ya chumvi. Mimi siishauri njia hiyo, kwa kuwa chumvi hutafuna kichwa cha seli kabla chaji haijaisha, maji huingia ndani, na unabaki na seli inayovuja ambayo bado ina umeme. Tumia rezista ya ohmu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi. Seli iliyojaa itatoa ampea 0.42 mwanzoni, na itachukua saa 7 hivi kuisha. Iache rezista ikiwa imeunganishwa hadi kesho yake, kisha itenganishe, subiri saa mbili na upime tena, kwa sababu volti huwa na tabia ya kupanda yenyewe ikipumzishwa. Endelea mpaka ibaki chini ya volti 0.5 hata baada ya kupumzishwa.

Kuna gharama ndogo hapa. Seli ikishushwa karibu na sifuri, sehemu ya karatasi ya shaba huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kinywe. Gharama hiyo tunaikubali kwa ajili ya usalama, na tutailipa kwa kuosha kwa asidi. Baada ya hapo seli isikae rafu miezi. Ifungue ndani ya siku chache.

Kufungua na kutenganisha

Kazi hii hufanyika ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa umevaa miwani ya kinga inayoziba pembeni, glavu za nitrili mbili juu ya nyingine, na aproni. Ndani ya seli mna chumvi ya lithiamu heksaflorofosfati iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyoshika moto upesi. Kimoja kati ya hivyo, dimethili kaboneti, hutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye joto la nyuzi 17 tu, ambalo kwa Dar es Salaam au Mombasa ni ubaridi unaofikiwa kwa nadra. Chumvi yenyewe ikikutana na unyevu huzaa floridi ya haidrojeni, asidi inayopenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni na kwenda kushambulia kalsiamu ya mwili. Jeli ya kalsiamu glukoneti lazima iwe mezani kabla ya seli ya kwanza kufunguliwa, na anayegusa kimiminika hicho huoshwa kwa maji mengi, hupakwa jeli na hupelekwa hospitali hata kama haoni kidonda.

Usitumie grinda wala msumeno, maana cheche na vipande vya chuma vitaleta balaa. Tumia kikata bomba cha mkono, kile cha mafundi wa mabomba ya shaba: kizungushe polepole chini kidogo ya shingo ya seli, ukikaza kwa robo zamu, mpaka ganda lifunguke bila kisu kugusa mkunjo wa ndani. Toa kichwa, chana ganda kwa koleo, na uchomoe mkunjo. Utandue ukanda mmoja kwa wakati. Ukanda wenye karatasi ya rangi ya fedha ni wa alumini na ndio upande chanya. Uweke kwenye chombo chake, kwa kuwa una thamani na una mnunuzi. Ukanda wenye karatasi nyekundu ya shaba, unene wake kama maikromita 10, ndio wetu.

Angalia rangi kabla ya kwenda mbali. Kinywe kisicho na chaji ni cheusi au kijivu kilichoiva. Kikiwa na rangi ya dhahabu, bado kimejaa lithiamu. Kikiwa na wekundu au ubuluu mzito, kimebaki na kiasi. Ukiona dhahabu, usiendelee: rudisha ukanda kwenye chombo kikavu cha chuma, mbali na maji, na ukague jinsi ulivyomaliza chaji. Mabaka meupe-kijivu yenye manyoya ni metali ya lithiamu iliyojikusanya juu ya kinywe, na hayo yatachemka vikali yakikutana na maji.

Kanda zilizo sawa zianike ndani ya kabati kwa siku nzima ili vimiminika viruke.

Kuosha kwa maji

Kata kanda vipande vya urefu wa kidole na uviweke vichache vichache katika beseni la plastiki lenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Yanafaa zaidi kuliko ya bomba, ambayo huleta chokaa na chuma. Viputo vitapanda, ni haidrojeni, kwa hiyo beseni lisifunikwe na moto usiwepo karibu. Betri nyingi za miaka ya karibuni hutumia gundi ya selulosi na mpira, inayolainika kwa maji, na kinywe chake hubambuka chenyewe baada ya dakika kumi za kutikiswa. Kile kinachogoma kimefungwa kwa gundi ya florini. Kwa hicho kipo kiyeyushi kinachoitwa NMP, lakini kwa kuwa hudhuru uzazi na hakihitajiki kwa betri za aina ya kwanza, ushauri wangu ni kuvitenga vipande hivyo na kuviuza kama vilivyo.

Usikwangue kwa kisu. Karatasi ya shaba ni nyembamba mno, na kila mkwaruzo huacha vinyuzi ambavyo utavitafuta kwa saa nzima. Tikisa, mwaga tope kupitia chujio la chai la nailoni, suuza shaba na uianike. Mafundi wa vyuma chakavu wataigombania.

Acha tope litulie, mwaga maji ya juu kwenye ndoo ya taka, ongeza maji mapya, na urudie mara nne au tano. Maji ya kwanza ni ya nyongo, yaani alikali, na yana florini. Yatie chokaa iliyozimwa, ambayo huifunga florini na kuizamisha kama kalsiamu floridi, mashapo meupe yasiyoyeyuka. Usiruke marudio ya kuosha. Hatua inayofuata ni ya asidi, na asidi ikikuta mabaki ya florini itazaa kile kile tulichokikimbia kwenye kabati.

Kuosha kwa asidi

Asidi ya sulfuriki ya betri za magari, yenye nguvu ya asilimia 35 hadi 37, ukiimimina polepole sehemu moja ndani ya sehemu nne za maji, hukupa takriban moli moja kwa lita. Asidi ndiyo inayoingia majini. Kinyume chake hurusha matone usoni. Kwa kila gramu 20 za kinywe tumia mililita 200, ndani ya chombo cha plastiki ngumu inayostahimili joto, na kipashe hadi nyuzi 60 kwa saa mbili huku ukikoroga.

Asidi hii peke yake huondoa lithiamu na oksidi, lakini haigusi shaba ambayo bado ni metali. Ndipo inapohitajika peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, ya duka la dawa, mililita 50 zikitiwa kidogo kidogo. Shaba huivunja peroksidi kwa kasi, hivyo povu na joto vitaongezeka. Chombo kisifungwe kamwe. Ubuluu unaoonekana katika maji baada ya tope kutulia ni shaba iliyoyeyuka, na ndiyo kipimo chako kizuri kuliko vyote: maji ya mkupuo wa pili yakibaki bila rangi, shaba imekwisha. Kisha chuja na osha kwa maji mpaka karatasi ya pH ioneshe 6 au 7. Maji ya buluu yatiwe chokaa hadi shaba izame, ichujwe na ikaushwe; hayamwagwi mtaroni.

Betri mpya mpya zina oksidi ya silikoni iliyochanganywa na kinywe ili kuongeza uwezo. Asidi hii haitaiondoa, na ile inayoweza kuiondoa ndiyo tusiyoitaka mezani. Iache ilivyo, iandike katika daftari, na usiuze unga huo kwa jina la kinywe safi.

Kuchoma gundi

Kausha unga kwa nyuzi 105 usiku kucha, kisha uutie katika kombe la kauri na uuingize tanuruni kwa nyuzi 450 hadi 500 kwa saa moja, mlango ukiwa na upenyo wa hewa. Gundi ya selulosi na mpira itaungua. Kinywe kitabaki, kwa kuwa chenyewe huanza kuungua hewani kwa kasi inayoonekana kuanzia nyuzi 600 hivi. Hapa ndipo mpangilio wa hatua unapojieleza: laiti tungechoma kabla ya asidi, chembe za shaba zingekuwa kichocheo na kinywe kingeungua mapema. Unga wenye gundi ya florini usiingie tanuru hili, kwani utatoa gesi ile ile ya florini. Ukitoka, unga uoshwe kwa maji ya moto mara moja kuondoa majivu ya sodiamu, ukaushwe na upimwe uzito.

Kubandua tabaka

Njia mbili ziko mbele ya mtu aliyefika hapa. Ya kwanza ni ya kukioksidisha kinywe kwa pamanganeti ndani ya asidi kali ya sulfuriki, iliyoelezwa na Hummers na Offeman mwaka 1958. Hutoa tabaka moja moja kwa wingi, lakini mchanganyiko wake huweza kulipuka ukipita takriban nyuzi 55, na kinachotoka ni oksidi ya grafini isiyopitisha umeme mpaka ipunguzwe oksijeni. Iachieni maabara zenye wataalamu wake.

Ya pili ndiyo tutakayoifuata. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College Dublin, wakiongozwa na Jonathan Coleman, walionesha kwamba kinywe hubanduka kwa mkwaruzano wa kimiminika peke yake, mradi kasi ya mkwaruzano ipite kiwango fulani, na kwamba blenda ya kawaida hufikia kiwango hicho. Vipimo vyao vya blenda vilikuwa kinywe gramu 20 hadi 50, maji mililita 500, na sabuni ya maji ya vyombo mililita 10 hadi 25. Sabuni huzizuia tabaka zilizobanduka zisirudi kushikana.

Chukua gramu 30 za unga, uloweshe na sabuni na maji kidogo hadi uwe uji, ndipo umimine blendani na kujazia maji. Usiwashe blenda yenye unga mkavu: vumbi la kinywe hupitisha umeme, huingia kwenye mota, na mota hufa. Yetu ya kwanza ilikufa hivyo, kwa mlio mdogo na moshi wa samawati, na tukajifunza kuweka mota chini ya mfuko wa plastiki wenye tundu la hewa upande wa mbali. Zungusha dakika moja, pumzisha mbili, mpaka ufikishe jumla ya dakika 30; blenda za nyumbani hazikuundwa kwenda mfululizo, na mchanganyiko ukipata joto povu huzidi na mkwaruzano hupungua. Kwa kinywe cha betri nimeona weusi wa maji ya juu ukizidi ule wa kinywe kipya kwa muda ule ule, jambo linalolingana na tulichosema kuhusu bawaba zilizolegea. Blenda hiyo hairudi tena jikoni.

Kutenganisha na kukausha

Mimina mchanganyiko kwenye chupa ndefu, uache saa 24 hadi 48 bila kuugusa. Vipande vinene huzama, vyembamba huelea. Nyonya theluthi mbili za juu kwa mpira mwembamba. Usimwage, kwa maana kumwaga hukoroga kilichozama. Mwenye sentrifuji azungushe mizunguko 1500 kwa dakika kwa saa moja na nusu, na atapata usafi wa zaidi. Mashapo si taka: yakaushe na uyarudishe kwenye mkupuo ujao.

Kimiminika cha juu kipitishe kwenye kiwambo cha kuchujia chenye matundu ya maikromita 0.2 kwa kutumia pampu ya kuvuta hewa, na ukisuuze kwa maji ya moto mpaka povu likome kabisa, kwa kuwa sabuni iliyobaki huongeza uzito wa uongo na huzuia umeme. Kwa kupima mavuno, pima kiwambo kikavu, chuja mililita 100, suuza, kausha, pima tena. Miligramu 20 zilizoongezeka ni sawa na miligramu 0.2 kwa kila mililita, na kwa njia hii hiyo si haba. Mtu aliyetarajia gramu 30 za kinywe kugeuka gramu 30 za grafini atahuzunika. Kwa mkupuo mmoja ni sehemu ndogo tu inayobanduka.

Je, ni grafini kweli?

Maji meusi yasiyozama si ushahidi. Istilahi za ISO, shirika la viwango la kimataifa, zinaita grafini tabaka moja, kisha grafini ya tabaka mbili, kisha ya tabaka chache, yaani 3 hadi 10. Zaidi ya hapo ni kinywe chembamba tu. Peleka sampuli kwa chuo chenye mashine ya Raman, inayosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli. Omba mistari mitatu, kwa kipimo cha cm⁻¹: ule wa karibu 1350, unaopanda kwa sababu ya kingo na kasoro, ule wa 1580, ambao kila kinywe kinao, na ule wa 2700, ambao ndio wenye habari. Kwenye kinywe kinene mstari huo wa mwisho huwa na bega upande mmoja. Ukilingana pande zote, tabaka ni chache. Mstari wa 1350 kwa bidhaa ya betri kwa kawaida huwa juu kuliko wa kinywe kipya, na usiuone kama aibu ya kuficha.

Kwa kipimo cha karakana, paka kimiminika kwenye kioo, kausha kwa nyuzi 100, na upime ukinzani kati ya ncha mbili zilizo umbali wa sentimita moja. Fanya vivyo hivyo kwa kinywe ambacho hakijapita blendani na kwa sampuli isiyosuuzwa sabuni. Ukilinganisha namba hizo tatu utajua mara moja kama kosa liko kwenye kubandua au kwenye kuosha, na mara nyingi liko kwenye kuosha.

Bidhaa ya tabaka chache inafaa wino unaopitisha umeme, rangi za kuzuia kutu, na majaribio ya kuimarisha saruji. Haifai vifaa vya elektroniki vinavyohitaji tabaka moja isiyo na kasoro, na anayeiuza kwa dai hilo anadanganya. Pale ambapo mnunuzi wa grafini hayupo, kinywe kilichofika mwisho wa hatua ya tanuru tayari kina soko lake katika vilainishi na brashi za mota, bila kupita blendani hata kidogo. Kiandikie lebo yenye aina ya betri, tarehe, idadi ya maosho na kama kina silikoni, na ukihifadhi kikavu, kimefunikwa, mbali na swichi na soketi za umeme.